Nina presha na sukari tayari, nikilipa SHA leo watanikubali?

Mwezi huu barua karibu zote ni za bima ya afya, nyingi zikitaja SHA, ile bima ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: mimi au mtu wangu ni mgonjwa tayari, nani atanichukua na kwa pesa ngapi? Nimechagua chache, zile zinazofanana nimejibu moja. Majina nimeyatoa.

Dada mhariri, salaam aleikum. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa Kongowea, jioni viazi karai. Nina miaka 52, presha niko nayo tangu 2017 na mwaka jana wakanipata na sukari. Zamani NHIF nilikuwa nalipa 500 kwa mwezi. Sasa hii SHA nimejisajili kwa simu, nikaulizwa maswali mengi, mwisho ikaniletea 9,240 nilipe ya mwaka mzima mara moja. Hizo pesa sina. Na jirani yangu ananiambia hata nikizipata watasema ugonjwa nilikuja nao kwa hivyo hawalipi. Nifanyeje? — Mama Mahamri, Mombasa

Waaleikum salaam dadangu. Nianze na huyo jirani juu yeye ndo anakukosesha usingizi bure. SHA haimkatai mtu kwa ugonjwa aliokuja nao. Hii ni bima ya sheria, ile sheria ya 2023 iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ilipofungwa, na inamtaka kila mkaaji wa Kenya aingie, mzima kwa mgonjwa, kijana kwa mzee. Sasa ukishamlazimisha kila mtu kuingia, huwezi kumgeukia mwingine umwambie wewe sukari yako imezidi rudi nyumbani. Jirani amechanganya na bima za kampuni za watu binafsi, hizo ndo zina maneno hayo, nitazifikia kwa barua inayofuata.

Cha pili, na hiki wengi hawajui: kabla hujalipa hata shilingi, dispensari na kituo cha afya ni haki yako. Sheria iligawa pesa mafungu matatu. Kuna fungu la afya ya msingi linalolipia dispensari na vituo vya afya, hilo linatoka serikalini na halihitaji mchango wako, unahitaji tu kuwa umejisajili. Kuna SHIF yenyewe, ambayo ndo hii unadaiwa, inalipia hospitali kubwa kuanzia levo ya 4 kwenda juu. Alafu kuna la dharura na magonjwa makubwa ya kudumu linaloingia pale SHIF inapoishia. Kwa hivyo kupimwa presha, kupimwa sukari, metformin na amlodipini zako za kila mwezi, anza na dispensari iliyo karibu na wewe. Nitakuwa mkweli, kuna siku utafika uambiwe dawa zimeisha kaangalie chemisti, na hapo utalipa mwenyewe, hiyo shida ipo na haifai kufichwa. Lakini pia kuna watu wanalipa daktari wa pembeni kila mwezi kwa kitu ambacho mtaa wa pili kinatolewa bure, hawajawahi hata kwenda kuuliza.

Sasa hiyo 9,240. Ukiigawa kwa miezi 12 unapata 770, na 770 ni asilimia 2.75 ya 28,000. Maana yake yale maswali ya kupima uwezo yamekuona wewe ni nyumba inayoingiza 28,000 kila mwezi. Mwenye kuuza mahamri anajua pesa inayopita mkononi si yake yote, hapo kuna unga, mafuta, nazi, makaa, na kanjo naye amesimama hapo. Lakini ile mashine haikukuuliza umeuza mahamri mangapi, ilikuuliza paa ni la mabati au la makuti, sakafu ni simiti au udongo, maji unapata wapi, choo cha aina gani, stima unayo, mifugo mingapi. Mtu akiwa anakaa nyumba ya urithi aliyojengewa na marehemu babake, simiti chini mabati juu na stima ya kuchangia, anaonekana tajiri kumbe jioni anakopa unga. Huku Pwani ndo wengi, na nadhani hapo kipimo kinawaonea.

Kwa hivyo usikubali hiyo namba kama imeshuka kutoka mbinguni. Piga tena *147# uangalie ulivyojibu, wengi walijibiwa na vijana wa kusajili mtaani waliokuwa na haraka ya kumaliza simu kumi, wakaandikiwa vitu ambavyo hawana, na wengine waliandika watu wa nyumba nzima kumbe kila mtoto ana jiko lake. Alafu nenda ofisi ya SHA ya kaunti au dawati lao pale Huduma Centre uombe kupimwa upya. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yani 3,600 kwa mwaka, na hiyo ukilinganisha na 6,000 uliyokuwa ukilipa NHIF ni nafuu. Na hata kama haitashuka mpaka hapo, kuna Lipa SHA Pole Pole iliyozinduliwa 2025, unakopeshwa mchango wa mwaka alafu unarudisha kidogo kidogo, inapatikana humo humo kwa simu. Ni mkopo lakini, usisahau, soma masharti kabla hujabonyeza ndiyo.

Nitasema na la upande mwingine ili nisionekane nalalamika tu. Ile 500 ya zamani ilikuwa moja kwa wote wasio na mshahara, wakili mwenye ofisi yake mjini 500, wewe wa karai 500. Kutoza kwa asilimia ni haki zaidi. Kosa ni kumtaka mtu anayepata pesa ya siku atoe ya mwaka mzima kwa mara moja, kwani mwenye mshahara anakatwa ya mwaka mzima Januari? Hakatwi.

Lipa lakini, dadangu, usingoje mguu uanze kidonda. Sukari ikikulaza, hospitali ya levo ya 4 SHA ilianza kwa kulipa 3,360 kwa siku ya kitanda, levo ya 6 ilikuwa 4,480. Bila mchango hizo ni zako wewe na watoto wako.

Habari mhariri. Niko Thika, nafanya kazi kiwandani, mshahara 60,000 kabla ya makato. Mke wangu aliugua saratani ya titi, alimaliza kemo miaka mitatu iliyopita na kila akienda kliniki wanasema yuko sawa. Nataka kumkatia bima ya kampuni binafsi juu ya SHA. Ajenti amenijazia fomu, pale pa kuuliza kama kuna mtu amewahi kuugua ugonjwa mkubwa amenishauri tuweke HAPANA, ati kwa sababu amepona. Mimi sina amani na hilo. — Baba Watatu

Kaka, hiyo roho inayokosa amani iko na akili kuliko ajenti. Usiweke sahihi hiyo fomu.

Hebu isome tena polepole. Karibu kila kampuni wanauliza "amewahi", hawaulizi "anaugua saa hii". Amewahi kuugua, amewahi kulazwa, amewahi kupasuliwa, anatumia dawa yoyote. Mkeo amewahi. Na chini kabisa pale pa sahihi kuna tamko kwamba yote uliyojaza ni kweli na kama si kweli mkataba unaweza kufutwa, na jina lililo pale ni lako. Ajenti analipwa kamisheni siku unayolipa, siku ya madai hayuko, simu yake huenda hata haipatikani.

Na usidhani hawatajua. Wanajua kwa njia rahisi kabisa: mkeo atakwenda hospitali hata kwa homa, daktari atamuuliza historia yake kama kila daktari anavyouliza, naye atasema ukweli juu anataka kupona, na daktari ataandika kwenye ile karatasi ya madai "alipasuliwa titi la kushoto mwaka fulani, akapata kemo". Karatasi hiyo hiyo inaenda kwa bima. Madai yakiwa makubwa wana watu kazi yao ni kuita mafaili hospitalini na kuyasoma ukurasa kwa ukurasa. Wakikuta, wanaweza kukataa bili, kufuta bima ya nyumba nzima pamoja na watoto, na umebaki wodini na mgonjwa na pesa yako umeshalipa. Nimesoma barua nyingi za watu waliolia hapa kwenye safu hii, na wengi wao hawakukosa bima, walikosa kusema.

Kwa nini kampuni zinaogopa hivyo? Si roho mbaya tu. Bima inaishi kwa pesa ya wale wasiougua, na kama mlango uko wazi watu waingie wakishaugua, wazima wataona hakuna haraka, watabaki wagonjwa peke yao na mfuko utakauka. Majirani zetu Tanzania waliliona hili kwenye Toto Afya Kadi, ile ya watoto ya shilingi 50,400 za huko kwa mwaka. 2023 NHIF yao ikasimamisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, wakasema wazazi wengi wanaleta mtoto akiwa ameshaugua, wakataka waingie kupitia shule au na familia nzima. Wazazi wenye watoto wenye matundu ya moyo na selimundu waliumia, na walikuwa na haki kuumia, lakini hesabu yenyewe ilikuwa kweli. Dawa ya hesabu hiyo ni moja tu, kila mtu aingie, na ndo maana nakuambia SHA isidharauliwe hata kama inaudhi.

Basi ukisema ukweli itakuwaje? Moja ya mambo manne. Wanaweza kumkataa. Wanaweza kumchukua lakini saratani wakaitoa kabisa kwenye mkataba, akiumwa malaria wanalipa, titi likirudi hawalipi. Wanaweza kumchukua kwa bei ya juu. Au wanaweza kumchukua na kipindi cha kusubiri, ambacho kwa kawaida ni kama siku 30 kwa magonjwa ya kawaida na mwaka mzima kwa ugonjwa uliokuwepo kabla, saratani wengine wanataka hata zaidi ya hapo. Ajali ndo zinalipwa tangu siku ya kwanza.

Na hapa ndo watu wengi wanapigwa, wakishasikia "tunamchukua" wanafurahi wanalipa. Kukubaliwa ni mwanzo tu kaka. Tuseme brosha inasema kulazwa ni milioni 2 kwa mwaka, kwa maandishi makubwa na picha ya familia inacheka. Ukifungua ndani, ukurasa ambao ajenti haufungui, unakuta magonjwa ya kudumu na yaliyokuwepo kabla mwisho laki 3. Basi wewe umenunua bima ya laki 3 kwa mkeo, ile milioni 2 ni ya mtu mwingine ambaye haugui. Hiyo ndo namba ya kuuliza, na uiulize kwa maandishi, hata kwa imeili au kwa ujumbe wa WhatsApp ajibu hapo: saratani ya mke wangu ikirudi mnalipa, kuanzia tarehe gani, mpaka shilingi ngapi, hospitali zipi, na nikilipa mwaka wa pili baada ya kuwa mmelipa bili, bei inapanda au mnaweza kukataa kuendelea na mimi? Ajenti akianza kusema "usijali boss hiyo tutapanga" ondoka.

Kabla ya hayo yote lakini, umeuliza kazini? Kiwanda chenu kikikata bima ya wafanyakazi wote kwa pamoja, kampuni nyingi huwa zinaondoa kile kipindi cha kusubiri ama zinakipunguza sana, na mke na watoto wanaingia bila kuchambuliwa mmoja mmoja. Sababu ni ile ile, kundi limekusanyika kwa ajili ya kazi, halikukusanyika kwa ajili ya ugonjwa. Kama mwajiri hataki kulipa, kaeni wafanyakazi mlipe wenyewe kupitia sacco yenu, kundi likiwa la kutosha kuna kampuni zitawasikiliza. Mimi ningepigana hiyo vita kwanza kabla ya kununua ya peke yako.

Na SHA usiiache nyuma. Wewe unakatwa 1,650 kwa mwezi, zamani kwa mshahara wako ilikuwa 1,300, najua imeuma. Lakini SHIF ilianza na laki 4 za saratani kwa nyumba kwa mwaka, na lile fungu la magonjwa makubwa likaongeza laki 1 na nusu. Ukilinganisha na laki 3 ya brosha baada ya kusubiri mwaka, umeona? Angalia kwa *147# kama mkeo yuko kwenye jina lako na kama mchango unaonekana, juu mwajiri anatakiwa awe amepeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata na wengine wanakata kwenye payslip hawapeleki, unakuja kugundua kwenye dirisha la hospitali.

Kitu kimoja cha mwisho kwako, ukinunua bima binafsi kuna nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya unacholipa, mwisho 5,000 kwa mwezi. Ukilipa 40,000 kwa mwaka unarudishiwa 6,000 kwenye PAYE, ile kodi ya mshahara. Peleka cheti cha bima kwa mhasibu wenu, wengi hawapeleki.

Ajenti naye, kabla ya kuchukua mwingine, hakikisha ana leseni ya IRA, ile mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Na kama kampuni itakukatalia bili bila sababu ya maana, IRA hao hao wanapokea malalamiko.

Mimba ni ugonjwa uliokuwepo kabla? Niko na miezi mitatu na kampuni moja imeniambia siwezi kupata ya uzazi. — Wa Nakuru

Kwa bima binafsi ni kama ugonjwa uliokuwepo, ndiyo, hata kama mtu anakupongeza huku anakukatalia. Wengi wanataka uwe umelipa miezi 10 mpaka 12 kabla ya kujifungua, wamepiga hesabu ya mimba vizuri kabisa. Usiongeze pesa hapo kwa sababu ya mtoto huyu, hatalipiwa. SHA italipa, ilianza na 10,000 kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji, ila hospitali nyingi za binafsi zitakutoza zaidi ya hapo na tofauti ni yako, kwa hivyo uliza sasa ukiwa na miezi mitatu, usiulize ukiwa na uchungu.

Mhariri, ndugu yangu yuko dayalisisi, ile ya kusafishwa damu figo zikishindwa, mara mbili kwa wiki hapa Kakamega. Familia tumechanga tunataka kumnunulia bima nzuri ya binafsi tuachane na hizi za serikali za kusumbua na mitambo kila siku. Tukianza na 45,000 tutapata? — Kaka Mkubwa

Pole kaka, na pole kwa mgonjwa. Hizo 45,000 msizipeleke huko.

Piga hesabu na mimi. SHA ilipoanza iliweka 10,650 kwa kila kikao cha dayalisisi, vikao viwili kwa wiki. Mwaka una wiki 52, hiyo ni vikao 104, jumla 1,107,600. Kampuni inayotafuta faida haiwezi kuchukua 45,000 mkononi mwako leo ikijua kesho inaanza kulipa milioni. Watakukataa, au watakuchukua na kutoa figo kwenye mkataba, na akija mtu wa kuwaambia "mimi nitamuingiza, lete pesa" basi huyo anataka pesa.

Nguvu yenu ya familia iwekeni kwenye kuhakikisha SHA yake haizimi hata siku moja. Kama analipa ya mwaka, andikeni tarehe ya kuisha ukutani na muanze kuchanga miezi mitatu kabla. Kama alikuwa ameajiriwa na sasa amepoteza kazi kwa sababu ya ugonjwa, hapo ndo hatari kubwa, mchango wa mshahara unakatika kimya kimya na lazima ahamishwe alipe kama asiye na mwajiri. Mitambo ikigoma, na inagoma kweli, hilo sikatai, mwambieni asirudi nyumbani bila kikao, juu figo haingoji mtandao. Ombeni kuongea na msimamizi wa hospitali au ofisa wa SHA aliye hapo, na kama hali imeharibika, maji yamejaa kifuani, anapumua kwa shida, hiyo ni dharura na katiba yetu kifungu cha 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Litajeni kifungu kwa sauti, inasaidia wakati mwingine.

Hela zilizobaki ni za nauli, za vipimo vya damu visivyolipiwa, za chakula chake maalum. Hizo ndo zinaangusha familia za wagonjwa wa figo na hakuna bima inayozilipa.

Nina miaka 68, bima zote nimezunguka Kitui wananiambia nimezeeka. Je kuna haki hapo?

Mzee wangu shikamoo. Kampuni binafsi zina umri wa mwisho wa kuingia, nyingi ni kati ya 60 na 65, ukiwa ulishaingia mapema wanakuendeleza. Zipo zenye bima za wazee lakini wanataka vipimo kwanza na bei inatisha. SHA haina umri. Na kama watoto wako wana bima za kazini, waulize kama inaruhusu wazazi, kuna waajiri wanaruhusu kwa kuongeza pesa kidogo na kijana hajui kwa sababu hajawahi kusoma kile kitabu alichopewa.

Hi mhariri, nawasoma nikiwa Minnesota, Marekani. Nina pumu na napata bima kupitia lile soko la Obamacare. Mwaka huu wa 2026 bei imepanda vibaya, naogopa nikiacha nitakataliwa baadaye kwa sababu ya pumu. Pia nataka kumleta mama kutoka Eldoret anitembelee miezi sita, ana presha. Nimkatie bima gani? — Binti wa Mama

Asante kwa kutusoma huko kwenye baridi.

Pumu usiiogope. Ile sheria ya Obamacare ya 2010 ilisema kuanzia Januari 2014 bima za sokoni haziwezi kumkataa mtu wala kumwongezea bei kwa ugonjwa alionao. Wanaruhusiwa kuangalia umri, mahali unapokaa na kama unavuta sigara. Hilo halijafutwa. Kilichobadilika ni msaada wa kulipia: ruzuku ya ziada iliyoletwa 2021 iliisha tarehe 31 Desemba 2025, wabunge wa huko walizozana mpaka shughuli za serikali yao zikafungwa Oktoba na Novemba na bado haikuongezwa. Mwenye mapato ya juu ya mara nne ya kile kiwango chao cha umaskini amepoteza ruzuku yote, aliye chini bado anapata lakini kidogo kuliko mwanzo. Kwa hivyo bei ya bima yenyewe imepanda, na mfuko uliokuwa unakusaidia nao umepungua, na ndo maana inaonekana imeruka hivyo.

Hutakataliwa ukirudi, lakini mlango haufunguliwi siku unayotaka. Kuna msimu wa kujiandikisha mwisho wa mwaka, ukiacha Machi na pumu ikakubana Mei utangoja mpaka mwaka unaofuata labda upoteze bima ya kazini au uolewe au upate mtoto. Kabla ya kuacha, angalia mipango ya bei ya chini, na fanya tena hesabu ya mapato yako unayotarajia, saa zako za kazi zikipungua ruzuku inabadilika. Kitu ambacho ningekukataza kabisa ni zile bima za muda mfupi unazopigiwa simu uuziwe kwa bei nusu. Hizo haziko chini ya sheria ile, zinauliza magonjwa yako na zinakataa kulipa yaliyokuwepo. Pumu yako wataipenda sana siku ya kuikataa.

Mama sasa. Akija kutembea ni mgeni, si mkaaji, kwa hivyo lile soko si lake. Atakatiwa bima ya wageni, na hizo kwa kawaida presha aliyokuja nayo hazilipi, kliniki ya kawaida hazilipi, dawa za kila mwezi hazilipi. Zilizo bora kidogo zinalipa kama ugonjwa wa zamani umelipuka ghafla bila dalili, akatibiwa ndani ya saa 24 au hivyo, na mpaka umri fulani, ukipita 70 kiwango kinashuka sana. Tafuta hiyo sehemu ya ugonjwa wa ghafla uisome kabla ya kuangalia bei, na uangalie kama kiharusi kimetajwa, kwa mtu wa presha hicho ndo unachokatia bima. Zile za bei rahisi zinazolipa kiasi maalum kwa kila huduma, tuseme dola mia na kitu kwa siku ya kitanda, kwa bili za hospitali za huko ni kama hujakata. Na mnunulie kabla hajapanda ndege.

Kama mpango wako ni green card baadaye, yani kibali cha kukaa huko moja kwa moja, hesabu inabadilika, akiwa na 65 na zaidi anaweza kununua Medicare, bima ya serikali ya huko ya wazee, lakini mpaka akae miaka 5 mfululizo, kwa hivyo usimwambie ndugu zako ati akifika tu ametibiwa bure.

Kabla hajatoka Eldoret aende kliniki presha ipimwe iwe imetulia wiki kadhaa, siyo apimwe Jumatatu asafiri Jumanne. Abebe dawa zake, kwa kawaida huko wanaruhusu za kama siku 90, zikiwa kwenye vifurushi vyake vya duka la dawa, na barua ya daktari yenye jina la dawa na kipimo, kwenye mkoba wa mkononi, sanduku likipotea Amsterdam dawa zisipotee nalo.